Wosia Niliouandikia Mlangoni pa Zizi

Walisema mtoto wa kijiji chetu cha Ihumwa hatamaliza shule ya Wajerumani kule Tanga. Nilimaliza, nikarudi na cheti. Mzee Chidawali wa hapo kijijini akaniita. Aliogopa kwamba akifa wanawe wangepelekana bomani na kesi ingemaliza ng'ombe wote.

"Niandikie wosia, mwanangu."

Asiyesoma angeanza kwa maswali. Mimi nilisimama mlangoni pa zizi, nikahesabu ng'ombe arobaini, nikawagawia wanawe wanne kumi kumi. Mzee alipofungua kinywa nikamwambia, "Tulia, baba, hesabu ndiyo kazi yangu."

Nikaalika majirani wote waje kushuhudia. Nilipomaliza kusoma, nikangoja vigelegele. Akasimama jirani mmoja.

"Yule mweusi mwenye baka ni wangu. Nimemweka hapa atunzwe."

Akasimama wa pili, wa tatu, kisha nusu ya baraza.

"Baba, wako ni wangapi?" nikanong'ona.

"Humu ni sita. Wangu wengine nimewaweka kwa majirani hawa hawa. Huko Tanga umesahau kwamba sisi hatulazi ng'ombe wote zizi moja?"

Yule jirani wa kwanza akaokota fimbo yake. "Twendeni bomani, jamani. Na huyu aliyegawa mali zetu atangulie mbele."