Tulingoja Wekundu

Baba alivua samaki ziwani, kisiwani Mfangano, maisha yake yote. Kule, enzi zake, mvulana akikojoa damu ya kichocho, ugonjwa wa maji ya ziwa, watu wazima walicheka tu, wakasema sasa anakuwa mwanamume. Kwa hiyo damu ilipomrudia uzeeni hakumwambia mtu. Tulipofika kwa daktari, saratani ilikuwa imeshakita mizizi kwenye kibofu. Kikatolewa chote, mkojo ukawa unatokea kwenye tundu dogo kando ya kitovu na kuingia katika mfuko wa plastiki.

Kwenye kitanda cha jirani alilazwa mzungu mzee wa Homa Bay, mstaafu aliyekuwa akiogelea katika ziwa lile lile. Ugonjwa mmoja, daktari mmoja. Hata mifuko yao ilikuwa ya aina moja, ya rangi ambayo sista wa wodi aliiita rangi ya ngozi. Baba aliuweka wake juu ya tumbo lake jeusi akaangua kicheko.

"Ngozi ya nani hii? Mpeni jirani, ni yake."

Mzungu naye akacheka mpaka akashika mshono.

Siku ya kuruhusiwa, sista, mweusi kama sisi, alituambia sisi na mzungu maneno yale yale: "Mkiona ngozi hapa kando ya tundu imekuwa nyekundu, msikae. Mgonjwa aletwe mbio."

Mama alikuwa ameshafariki, basi nilimchukua baba kwangu, mjini Migori. Kwetu binti hamgusi baba yake tumbo. Hata kulitazama ni kwa shida tu. Kila asubuhi alibadilisha mfuko mwenyewe nyuma ya shuka niliyotundika, nami nikimpitishia maji ya vuguvugu na kitambaa. Kisha aliinua shati kidogo, nikachungulia. Nilitafuta wekundu. Nilifungua dirisha mwanga uingie, nikatafuta tena.

"Iko sawa?"

"Iko sawa, Baba."

Akaacha kula. Alisema Migori kuna joto, hakuna upepo wa ziwa. Ngozi kando ya tundu ilizidi kuwa nyeusi, ikang'aa, nikadhani ni mafuta aliyojipaka. Asubuhi moja nikamkuta akiongea na mama, anamwuliza kama nyavu zimekauka. Nilimkumbatia nimwinue, na kiganja changu kikaangukia tumboni.

Palikuwa moto. Palikuwa pagumu kama ugali uliolala.

Hospitalini walisema sumu imeingia kwenye damu. "Mbona mmekaa nyumbani hivi?" daktari akauliza, na mimi nikamjibu kwa ukali kwamba haikuwa nyekundu, haikuwa nyekundu hata kidogo, aje aangalie mwenyewe. Baba alikata roho jioni.

Mzungu alivuka ziwa kuja mazishini Mfangano, amekonda, anatembea na fimbo. Alinishika mkono akilia.

"Hata mimi ilinipata," akasema. "Ilikuwa nyekundu kama nyanya. Mke wangu aliiona akiwa mlangoni tu, akanirudisha hospitali siku hiyo hiyo."

Nilimchukia. Sitasema uongo, nilimchukia pale pale, kwa ngozi yake inayojua kupiga kelele. Kisha nikamtafutia kiti, maana alikuwa amesimama juani na alimpenda baba yangu.

Baadaye nilirudisha hospitalini mifuko iliyobaki. Kwenye benchi alikaa mzee mmoja anayeruhusiwa, binti yake kando, na sista yule yule akiwaeleza: "Mkiona imekuwa nyekundu..."

"Itakuwa nyekundu wapi?" nikamkatiza. "Wewe ukivimba, unakuwa mwekundu?"

Sista aliangalia mikono yake mwenyewe. "Hivyo ndivyo tulivyofundishwa," akasema polepole.

Nilimshika binti yule mkono, nikauweka juu ya tumbo la baba yake, kando ya mfuko.

"Shika hapa kila siku. Pakiwa moto, mlete."

Aliuvuta mkono kwa aibu, mzee naye akageuza uso. Nikauchukua tena, nikaurudisha palepale.