Mabao Kumi na Manne Nyuma ya Stesheni

Mwezi uliopita nilipelekwa hospitali ya Kitete kupimwa moyo. Wakati wa kurudi nikamwomba dereva apite nyuma ya stesheni. Uwanja haupo, rafiki yangu. Pamejengwa nyumba, na mama mmoja alikuwa anaanika nguo pale lilipokuwa goli la upande wa reli.

Wakati wa vita ya Hitla, kaka yangu alikuwa kipa wa timu ya reli. Karakana ilimwajiri kwa ajili ya mikono yake tu: asubuhi anafagia vyuma chakavu, mchana mazoezi. Mshahara huo ndio uliotulisha mimi na bibi, maana wazazi tulishawazika. Bibi alichemsha viazi vitamu akavianika viwe matobolwa, mimi nikifukuza kuku. Kaka akirudi, ananuka grisi, huchota konzi nzima, na bibi hujifanya hakuona.

Kisha wachezaji wazuri wakachukuliwa jeshini, mmoja mmoja. Ikaja timu ya askari waliokuwa wakipita Tabora, wakataka mchezo. Mzungu wa karakana akawaambia waliobaki, "Mkifungwa vibaya sina kazi nanyi. Nitawatoa mwende vitani."

Waliobaki walikuwa nani? Mpishi, karani mwenye miwani, mzee wa kugonga kengele ya stesheni. Askari walivaa viatu, wetu peku. Bibi hakuujua mpira. Kila watu walipopiga kelele aliniuliza, "Ni sisi?"

"Hapana, bibi."

Baadaye akaacha kuuliza.

Kaka aliruka huku na huku mpaka viwiko vikachubuka. Bao la kumi lilipoingia, alibaki kifudifudi vumbini. Hapo bibi akajifunga kanga kiunoni, akaingia uwanjani. Watu walicheka, wee! Akasimama golini, mikono ameitanua, akamwambia refa, "Mmeshashinda, baba. Basi. Niachieni mtoto wangu."

Kicheko kikakatika. Kaka akainuka, akamshika mkono.

"Bibi, twende ukakae. Ukisimama hapa watasema tumekimbia."

"Na wakisema?"

Kaka alimgeuza taratibu. Alimleta hadi nilipokaa, akaniambia, "Mshike," akarudi golini. Tulifungwa kumi na manne bila.

Mzungu alitimiza neno lake. Wiki hiyohiyo kaka akapandishwa treni pamoja na askari walewale waliomfunga. Alichungulia dirishani akanipigia kelele, "Usimwache bibi awe anakuja stesheni!"

Ningemzuiaje? Vita ilipoisha na vijana wakaanza kurudi, alikuwepo kila treni ilipoingia, akiwashika mikono ya mashati na kulitaja jina la kaka. Wengine walimwonea huruma, wengine walimsukuma. Mwishowe tarishi wa boma alikuja nyumbani.

"Shikamoo, mama."

Bibi hakuitika marahaba. Alimtazama usoni, akajua.

"Amezikwa wapi?"

"Wamesema Burma, mama."

"Ni mbele ya Kigoma?"

Tarishi akainamisha kichwa. "Mbele sana."

Bibi hakuishi muda mrefu baada ya hapo. Mpishi amekufa, karani amekufa, karakana nayo haimkumbuki mtu. Wala hatukuwa na picha ya kaka, hata moja. Yule mama aanike nguo zake kwa amani, hana kosa. Ila mimi nikishafumba macho, hatabaki mtu duniani aliyewahi kumwona kaka yangu akiruka.