Mji Ulioshindwa na Mlango

Mwashi huyu mtaa mzima ulimwita Timazi. Timazi ni kile kipande cha chuma kinachoning'inia kwenye uzi, ambacho waashi wenzake hukitoa kwa ajili ya kuta tu. Yeye alikitoa kwa kila kitu. Alipima kabati la jirani. Alipima picha ya harusi yake mwenyewe. Na siku moja mkewe alipokuwa amesimama ameegemea fremu ya mlango, alimwangalia kwa jicho moja, akamwambia kwa upole kabisa kwamba ameinama vidole viwili kulia. Mkewe, fundi cherehani, mpaka leo hajalisahau hilo.

Mwaka jana Timazi alianguka kutoka jukwaa la ujenzi. Hapakuwa juu sana, kimo cha mtu na nusu hivi, lakini aliuangukia mkono wa kulia. Walipomfungua plasta, vidole vilikuwa vigumu. Ngumi hakunji, na kijiko akikishika kinatetemeka mpaka supu inarudi ilikotoka. Akakaa nyumbani. Mfuko wa vifaa vyake akausukuma chini ya kitanda, na kila mtu mle ndani akajua kwamba habari za mfuko ule haziulizwi. Kliniki alikuwa na swali lake lile lile, kama mwiko wa uashi ataushika tena. Mtaalamu wa viungo, msichana mpole kupita kiasi, alikuwa na jibu lake lile lile: "Tutaona, mzee wangu." Timazi aliichukia hiyo tutaona kuliko maumivu yenyewe.

"Uwe unashikashika vitu vidogo vidogo," msichana akamshauri. "Maharage, vifungo, chochote."

Vifungo vya mkewe alivishika siku mbili akaona anadhalilika. Ndipo binti yao, anayefanya kazi maktaba, alipokuja na sanduku kubwa alilolipata kwa mtu aliyekuwa anahama. Juu yake palikuwa na picha ya mji ambao haupo duniani: minara yenye mapaa ya waridi, madaraja yanayovuka hewa tupu, na joka la kijani lililojiviringisha kwenye mnara mrefu kuliko yote. Ndani mlikuwa na matofali ya plastiki ya kuchomekana, elfu sita na ushee, mengine madogo kuliko punje ya mahindi.

"Watu wazima wanajenga hii, baba, wanaweka sebuleni. Wanakusanya."

"Nyumba watu wanaishi. Hawakusanyi," alisema Timazi. Lakini mkononi tayari alikuwa na tofali moja, analigeuza huku na huku kutafuta kasoro. Hakuipata, na jambo hilo lilimkera na kumpendeza kwa pamoja.

Mahali pa kujengea palikuwa pamoja tu, meza ya mkewe ya kukatia vitambaa, pale chumba cha mbele. Mkewe alimpa wiki tatu. "Baada ya hapo naingia kwenye majoho ya kwaya, ishirini na manane. Nitakatia wapi, mgongoni kwako?"

Wiki ya kwanza ilikuwa ya aibu. Tofali lilimponyoka, likaruka chini ya cherehani, naye akapiga magoti kulisaka. Mkewe alijifanya haoni, mpaka alipolikanyaga moja akiwa peku, na hapo aliona na kusema yote aliyokuwa ameyanyamazia. Wiki ya pili dole gumba likaanza kutii. Ya tatu Timazi alikuwa na nguvu za kutosha kugombana na kitabu cha maelekezo, kitabu kizima cha picha na mishale bila hata neno moja.

"Hivi huyu msanifu alisoma wapi?" alimwuliza mkewe. "Jumba vyumba kumi na vinne, choo hakuna. Ngazi inapanda, inapanda, inaishia hewani. Mfalme akitoka asubuhi na taulo lake, moja kwa moja sokoni."

"Mfalme mwenyewe plastiki."

"Kwa hiyo aanguke?"

Akabomoa daraja moja ambalo aliona halina safari, akapata matofali ya vyoo vinne. Kisha akaufikia ule mnara mrefu, akakwama. Kwenye picha mnara ulikuwa umepinda. Si kwa bahati mbaya. Mishale yenyewe ilimwelekeza apinde. Timazi alikifunga kitabu. Kwa miaka thelathini na tano hakuna ukuta wake uliowahi kuinama, na asingeanza leo kwa ajili ya joka. Akaunyoosha mnara, umesimama wima kama nguzo ya umeme, na joka, lililotengenezwa kukaa kwenye ule mpindo, likakosa makazi. Mkewe akalichukua kukandamizia karatasi zake za vipimo zisipeperushwe na feni.

Hayo yote yangesameheka. Kosa lilikuwa gundi. Kwa Timazi matofali yasiyo na kitu katikati hayakuwa ukuta, yalikuwa matofali yamepangwa tu. Aliagiza gundi kali kutoka duka la vifaa vya ujenzi, akaipaka kwa njiti ya kiberiti, tofali kwa tofali, mstari kwa mstari, mpaka chini kwenye ubao uliobeba mji mzima. Alipomaliza aliupiga kofi mnara kwa mkono wa kulia. Haukutikisika, naye alifurahi siku nzima.

Jumamosi asubuhi binti yao akaja na gari la kuuchukua mji akauweke sebuleni kwake, na seremala wa jirani akaja kusaidia kubeba. Waliuinua vizuri. Walifika mlangoni, wakasimama. Wakauzungusha, wakaulaza ubavu, wakaurudisha. Seremala akatoa utepe wake akapima: mlango sentimita themanini, mji mita moja na sentimita kumi, na kimo chake ndiyo usiseme.

Sasa, seremala huyu aliwahi kutengeneza kitanda ndani ya karakana yake kikakataa kutoka, na Timazi alikuwa amemcheka kwa miaka kumi na miwili, hadharani, bila kupumzika. Seremala alikaa kwenye kigoda akafuta jasho.

"Kitanda changu lakini kilikuwa na skrubu," alisema.

"Si tunaufungua tu, baba?" alisema binti. "Tutauunganisha kwangu."

"Haufunguki."

"Kwa nini?"

"Nimetia gundi."

"Wapi?"

"Kote."

Vitambaa vya majoho vilikuwa vimeshafika, vimerundikwa kwenye kiti. Seremala akasema ana msumeno, ni dakika kumi tu.

"Hauvunjwi," alisema Timazi, na sauti ikamtoka imekwaruza, akaona haya. Mji ule ndio kitu pekee mkono huu ulichokijenga tangu aanguke. Ukikatwa, atakuwa amebakiwa na tutaona peke yake.

Mkewe alikuwa ameisikia ile sauti.

"Kuna kitu lazima kivunjwe leo, mume wangu, meza yangu naitaka," alisema. Akaonyesha ukuta ulio mbele ya cherehani. "Pale. Miaka ishirini na miwili nakuomba dirisha pale. Mtaa mzima una madirisha yako, mimi nawasha taa saa sita mchana."

Akaenda chumbani, akauburuta mfuko wa vifaa kutoka chini ya kitanda, akauweka miguuni pa Timazi.

"Huu mkono..." Timazi alianza.

"Huo mkono umejenga vyoo vinne. Piga."

Walitegemeza juu kwa mbao za seremala. Timazi akashika tindo kwa mkono wa kushoto na nyundo kwa wa kulia. Pigo la kwanza liliteleza likachubua lipu. La pili likakaa. Ukuta ulikuwa imara, kwa kuwa aliujenga mwenyewe, na kila tofali lililogoma alilitukana na kulisifu kwa pumzi hiyo hiyo. Saa nane mji ulitoka kwa ubavu kwenye tundu la dirisha, minara yake ya waridi ikaingia kwenye jua, binti na seremala wakaupokea upande wa pili na kuupandisha garini.

Kisha zikabaki kingo za dirisha kunyooshwa. Timazi alichanganya saruji, akauchukua mwiko. Mara mbili saruji ilimwangukia mguuni. Ya tatu ilikaa juu ya tofali. Akaendelea, polepole mno, mpaka juu.

Mkewe alilileta joka, akaliweka dirishani kwenye mwanga. Akarudi nyuma hatua tatu, akafumba jicho moja.

"Umeinama vidole viwili kulia," alisema.

Timazi alishtuka. Alichomoa timazi yake kwenye mfuko, akaunyanyua uzi kando ya ukingo kwa mkono ule ule wa kulia, akasubiri. Ukingo ulikuwa umenyooka. Aligeuka kumwambia hivyo, akamkuta mkewe haangalii ukuta kabisa. Alikuwa anakiangalia kile kipande cha chuma, kinavyoning'inia mwisho wa uzi, kimetulia.