Sukari Katika Chumba cha Kukatia

Shangazi yangu ni mkataji wa sare za shule. Si mshonaji, ukimwita mshonaji atakukata jicho. Kiwandani kwao washonaji ni kumi na tisa, mkataji ni mmoja. Hutandika kitambaa tabaka juu ya tabaka mpaka thelathini, akachora kwa chaki, kisha akapitisha mashine yenye kisu kinachonguruma. Kisu kikiyumba, haliharibiki shati moja, yanaharibika thelathini. Ndiyo maana wenzake humwita Mkasi. Na chumba chake kina amri aliyoibandika mlangoni mwenyewe: hakiingii chakula wala kinywaji. Doa moja la soda, jora zima limekwenda.

Mwaka wa sita huu anajidunga insulini. Mwezi ule daktari alimwongezea dozi, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa, kazi ikabana, akawa anachelewa chakula cha mchana. Mara mbili mikono ilimtetemeka, akamfokea msimamizi bila sababu, akakata kola thelathini kombo. Msimamizi, mtu wa maneno machache, akamwambia, "Mama, Jumatatu nakupeleka kwenye kushona vifungo. Meza hii inataka mtu aliyetulia."

Kwa Shangazi, hilo ni sawa na rubani kuambiwa agawe maji kwa abiria.

Ijumaa saa saba mchana, kitambaa cha buluu cha kola kikiwa tayari mezani, jasho jembamba lilimtoka shingoni huku feni ikizunguka. Midomo ikafa ganzi, moyo ukaenda mbio. Akapima mstari uleule mara tatu kwa futi, ukampa majibu matatu. Akazima mashine, akaketi sakafuni mbali na kisu. Wiki nzima watu walikuwa wakinong'ona kwamba Mkasi amekuwa mlevi. Naapa, hakuna mlevi anayekumbuka kuzima mashine!

Aliyekuwa karibu ni rafiki yake wa siku nyingi, mama mnene wa vicheko anayeshona vifungo, naye wanamwita Kifungo.

"We Mkasi, mbona umelowa hivyo? Umeoga na nguo?"

"Sukari imeshuka. Niletee kitu kitamu."

"Kitamu? Na kisukari chako hicho? Dada yangu, mimi sitaki kesi!"

"Imeshuka, haijapanda! Kimbia!"

Kifungo alikimbia mpaka dukani, mwili wote ukimfuata nyuma, akarudi na soda baridi. Shangazi akagugumia nusu chupa. Jasho halikupungua. Akageuza chupa, akasoma kwa taabu: haina sukari.

"Nimekuchagulia ya watu wa kisukari," Kifungo akasema, machozi yakimlengalenga. "Nimepekua duka zima!"

"Mungu akulipe, lakini haya ni maji yaliyovaa suti. Nenda jikoni. Sukari ya chai, vijiko vidogo vinne, maji nusu kikombe. Haraka."

Kikombe kilipofika, msimamizi naye alikuwa mlangoni. Akatazama bango, akatazama kikombe.

"Humu ndani, Mama?"

"Humu humu," akajibu, akanywa mpaka tone la mwisho. Kisha akatoa mkobani kipimo chake, akajitoboa kidole. Tatu nukta mbili. "Chini ya nne ni hatari. Kaa hapo, msimamizi, unihesabie dakika kumi na tano."

Kifungo alitaka kumwongezea kikombe cha pili papo hapo. "Ngoja," Shangazi akamwambia. "Tukipima tena na bado iko chini, ndipo narudia. Mwili si gunia."

Dakika zikaisha. Nne nukta tisa. Akaenda nje kula mkate na yai ili sukari isishuke tena, nao wakamfuata.

"Kwa hiyo zile kola..." msimamizi akaanza.

"Ilikuwa hii hii. Nilijua, nikanyamaza. Niliona haya kuvunja amri yangu mwenyewe. Nikalinda kitambaa, nikasahau kichwa. Kosa hilo ni langu. Lakini vifungo siendi."

Hakuomba. Alipanga. Jioni hiyo angempigia muuguzi wa kliniki waitazame upya dozi. Saa sita na nusu atakula, hata dunia nzima ikose suruali. Kopo la sukari lenye kifuniko litakaa kwenye rafu chumbani mwake. "Na nikifoka bila sababu, msinijibu, nipeni sukari. Nikizimia, msinitie kitu mdomoni. Nilazeni ubavu, muite gari la wagonjwa."

"Na ukifoka kwa sababu?" Kifungo akauliza.

"Hapo mtanivumilia."

Ni wangapi wamepoteza kazi kwa ulevi ambao haukuwapo, kwa sababu tu hakuna aliyejua habari ya vijiko vinne? Somo hili lingefundishwa kila karakana kabla ya somo la kuwahi kazini.

Alipima tena, akanyoosha mikono mbele ya macho yao, imetulia kama meza. Ndipo akawasha mashine. Kisu kikapita kwenye chaki bila kusita. Alipomaliza, msimamizi akachukua kola ya juu kabisa na ile ya thelathini, akazilinganisha dirishani, akazigeuza, akazilinganisha tena.

"Jumatatu yanakuja majora ya kijani," akasema akiziweka mezani. "Uwahi, Mama. Wewe ndiye utakayeyakata."