Mtandao wa Bi Kimya Wavuka Ukuta wa Shule

Kengele ya asubuhi haijalia bado, lakini mlango wa maktaba uko wazi. Mkutubi amepanda juu ya kiti, viatu ameviacha chini, anafuta vumbi kwenye kijisanduku cheusi kilichofungwa ukutani karibu na dirisha la nyuma. Chenyewe hakizidi kipande cha sabuni. Taa yake ya kijani inapepesa.

"Umeamkaje, bwana mdogo?" anakisalimia, kisha anageuka na kuangua kicheko. "Hilo usiliandike. Watasema mama wa watu amechanganyikiwa."

Ruhusa ya kuliandika aliitoa baadaye, baada ya chai.

Wanafunzi humwita Bi Kimya, kwa sababu hilo ndilo neno wanalolisikia zaidi kinywani mwake. Kijisanduku anachokidekeza ni kompyuta ndogo inayofanya kazi ya seva, ikirusha mtandao wake yenyewe hewani. Ndani yake mna vitabu vya kiada, masomo ya video na mitihani ya miaka iliyopita, na mwanafunzi mwenye tableti ya shule au simu ya mzazi anavifungua bila bando wala intaneti.

Zamani palikuwa na rafu. Kisha, wakati wa likizo, upepo uling'oa mabati ya maktaba na mvua ikamalizia kazi. Shule ilipofunguliwa, vitabu vilikuwa vimevimba na kurasa zimegandana.

"Nilivianika uwanjani kama nguo," anasimulia. "Vilipokauka, ukigusa ukurasa unabaki na kipande mkononi. Nilikaa chini nikalia."

Vya fizikia vilipona kumi na kimoja, kwa shule ya wanafunzi zaidi ya mia nne. Na watahiniwa walikuwa na mtihani mwaka uleule.

Mdogo wake wa kiume, anayetengeneza kompyuta mjini, ndiye aliyemletea ile ndogo, ya mtumba. Akamwonyesha pa kuanzia, akarudi kazini kwake.

"Aliniambia, 'Dada, ukikwama nipigie.' Nikampigia asubuhi, nikampigia mchana, nikampigia usiku wakila. Mwisho wifi yangu akachukua simu akaniuliza, 'Hivi huyu bwana ni wako au ni wangu?'"

Hakuwa amewahi kuandika amri za kompyuta. Akikosea herufi moja, mashine inagoma. Mkuu wa shule naye hakuwa na imani, maana wakati huo simu zilikuwa marufuku shuleni. "Niliogopa tunawafungulia watoto mlango wa upuuzi," anakiri mkuu. Hata hivyo alimpa muhula mmoja ajaribu.

Siku ya uzinduzi watahiniwa walijaa maktaba nzima. Vitabu vikafunguka, wakashangilia. Mara umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta haikuamka. Kadi ya kumbukumbu ilikuwa imeharibika, na kila alichokipanga kwa majuma kadhaa kimekwenda na maji.

"Walinyamaza bila mimi kuwaambia," anasema kwa sauti ya chini. "Hapo nikajua wameumia kama mimi."

Nyumbani, mumewe, fundi wa kuchomelea vyuma, alimkuta ameinamia sahani, chakula kimepoa.

"Kinachoiua ni nini?" akamuuliza.

"Umeme unaokatika."

"Basi tuipe umeme wake yenyewe."

Akafungua betri ya pikipiki yake. Shemeji yake, yule fundi wa kompyuta, akatafuta kifaa cha kupunguza nguvu ya umeme ili mashine isiungue. Mume akawa anakwenda kazini kwa miguu, hadi alipopata betri nyingine. Bi Kimya akaanza upya tangu mwanzo, safari hii akiweka nakala ya kila kitu kwenye kadi ya pili. Umeme ulipokatika tena, darasa liliendelea kusoma kana kwamba hakuna lililotokea.

Jambo ambalo hakulitarajia lilimkuta nje ya geti. Jioni moja alikuwa akizunguka na simu mkononi, akipima mtandao unafika wapi. Nyuma ya ukuta akamkuta binti amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mtoto mchanga amelala mgongoni, simu yenye kioo kilichopasuka imekaribia pua.

Alimtambua. Binti huyo aliacha shule alipopata ujauzito. Neno la siri la kufungulia mtandao alipewa na binamu yake anayesoma pale.

"Alisimama haraka, akasema, 'Samahani mama, naondoka.' Nikamwambia, 'Kaa. Unasoma nini?' Akasema, 'Mzunguko wa damu, ila video inakwamakwama.'"

Kesho yake Bi Kimya alikihamishia kijisanduku karibu na dirisha la nyuma, video isikwame tena. Kisha akaenda ofisini kwa mkuu.

"Nilimwambia, 'Mkuu, humu ndani tunao wanaosinzia, na huko nje yuko anayesoma kwa kuibia. Tunafanyaje?'"

Mkuu alicheka. Wiki hiyohiyo alikwenda mwenyewe kuzungumza na bibi wa binti. Bibi alikubali kubaki na mtoto asubuhi, ilimradi mjukuu wake arudi darasani.

Sasa binti yumo miongoni mwa watahiniwa, na anataka kuwa muuguzi. "Mwanzoni nilikaa nyuma, nikihofia watanicheka," anasema. "Kumbe walitaka niwafundishe biolojia."

Shule ya msingi iliyo ng'ambo ya barabara imeshaomba seva yake. Mdogo wake Bi Kimya amepata kompyuta nyingine, na kazi ya kuifunga itaanza mitihani ikiisha. Peke yake mkutubi hataiweza, kwa hiyo amemwomba binti amsaidie.

"Amekubali, ila kwa sharti kwamba aje na mtoto," anasema mkutubi, akishuka kitini na kutafuta viatu vyake. "Nimemwambia aje naye. Huyo ataanza shule mapema kuliko wote."