Noti ya Soda Nyumbani kwa Haji

Mimi ni mtu wa Arusha, nauza dawa za mifugo. Kabla ya kuvuka mpaka nilisoma kwenye simu kwamba Kenya ukihudumiwa vizuri, unaacha bakshishi. Ushauri huo sina ugomvi nao. Kosa ni langu.

Mwezi uliopita nilikwenda Garissa kumwona Haji mmoja mwenye ngamia wengi, ambaye tulikuwa tumezungumza kwa simu tu. Nyumbani kwake, mtaa wa Galbet, nilimkuta bwana mnene ameegemea mito, kanzu safi, saa inang'aa. Nikamwamkia shikamoo, nikamsifia dawa zangu zote. Alinisikiliza kwa adabu.

Mzee mwembamba mwenye ndevu za hina akaleta birika na beseni, akatunawisha. Akaleta wali na nyama ya ngamia, akanichagulia minofu, akasimama pembeni hadi tukashiba. Yeye hakuonja kitu. Nikasema moyoni, mtumishi huyu anaijua kazi yake. Aliponinawisha tena, nikamfumbatisha noti ya mia mbili.

Akaitazama. "Hii ni ya nini?"

"Ya soda, mzee wangu. Umetuhudumia vizuri sana."

Bwana mnene akaacha kuchokonoa meno.

"Warya," akaniita polepole kwa Kisomali, "mimi ni dereva wa lori. Nimekuja kula kama wewe. Huku mgeni huhudumiwa na mwenye nyumba mwenyewe. Huyo ndio Haji."

Haji akaikunja noti, akaitia mfukoni.

"Haya, mgeni," akasema. "Dawa umeuzia dereva. Mimi wacha niende kununua soda."