Mikono Ukutani

Chuoni walimwita Shangazi, na wala hakukasirika, maana kwa umri alikuwa shangazi yao kweli. Wenzake katika kozi ya ualimu wa sanaa walikuwa vijana waliomaliza shule juzijuzi. Yeye alikuwa na mvi alizozificha chini ya kitambaa, na miwani ya kusomea iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Kwenye nadharia walimwacha mbali. Vipindi vya saikolojia vilimtoa jasho, na andalio lake la kwanza la somo lilirudi likiwa jekundu kwa kalamu ya mkufunzi. Lakini ilipofika zamu ya kushika brashi, vijana walifunga midomo. Shangazi alivuta mstari kwa mkono mtupu kutoka upande mmoja wa ubao hadi mwingine, na aliyekwenda kuupima kwa rula alirudi kimyakimya kwenye kiti chake.

Ufundi huo aliupata kwa baba yake. Mzee alikuwa mchora mabango, na enzi zake ungetembea mtaa mzima ukisoma mwandiko wake tu: kinyozi, duka la dawa, fundi saa, shule ya udereva. Alimfundisha bintiye kwa njia aliyofundishwa yeye. Binti anachora herufi, baba amesimama nyuma yake, halafu mkono unapita juu ya bega. "Lete hapa." Brashi inatoka vidoleni, herufi inanyooshwa, kazi inaendelea. Utoto wake wote ulikuwa lete hapa. Mabango yaliondoka mazuri na wateja waliondoka wanacheka, kwa hiyo nani angelalamika?

Baadaye zikaja mashine za kuchapa, na sasa mteja anaagiza bango, anakunywa chai, anaondoka nalo. Karakana ikafungwa. Mikono ya mzee ikaanza kutetemeka, kikombe kikawa kinagonga kisahani kabla hakijafika mdomoni. Shangazi alikaa miezi kadhaa kwenye mlango wa karakana ameshika tama, kisha akapiga moyo konde, akaenda kuomba nafasi chuoni ajifunze kufundisha uchoraji katika shule za kati na sekondari. Kwenye usaili walimuuliza kwa nini anataka ualimu. Akawajibu maneno mazuri kuhusu kukuza vipaji vya watoto. Sababu ya kweli aliiacha moyoni: alitaka kazi ambayo hakuna mtu angesimama nyuma yake na kumwambia lete hapa.

Basi akapelekwa kwenye mazoezi ya kufundisha, katika shule yenye madirisha marefu na madawati yaliyochongwa majina ya watu ambao sasa ni wazazi. Darasa lake lilikuwa la watoto wa miaka kumi na mitatu, kumi na minne, umri ambao mtu anaona haya hata kuchekwa na kivuli chake. Somo lilikuwa moja kwa wiki zote za mwanzo: kila mmoja auweke mkono wake wa kushoto mezani, autazame, auchore kwa penseli.

Wakachora. Vidole vilitoka kama karoti, viganja kama mito ya kulalia, na mmoja alichora vidole sita kisha akabisha kwamba ndivyo alivyohesabu. Shangazi alipita kati ya madawati akitazama, na mwili ukamwasha. Hakuweza kuvumilia. Alisimama nyuma ya mtoto wa kwanza, akapitisha mkono juu ya bega lake.

"Lete hapa," alisema.

Wala hakujisikia akisema. Alifuta hapa, akakaza mstari pale, akatia kivuli chini ya kiganja, na kufumba na kufumbua karoti zikawa vidole. Mtoto akatoa macho. "Jamani, oneni mkono wangu!" Darasa zima likanyoosha karatasi. Mwalimu, na mimi. Mwalimu, wangu ndio mbaya kuliko yote, anza na mimi. Siku ile Shangazi alirudi nyumbani anaimba. Alijiona amezaliwa kwa kazi hii.

Siku moja kabla ya mkufunzi kuja kumkagua, alibaki darasani baada ya masomo na rundo zima la michoro. Alitaka kazi za watoto zing'ae, na pia, tusimpake mafuta, alitaka kung'aa yeye. Alinyoosha kila kilichopinda. Alipofika kwenye mchoro wa binti mmoja mpole waliyemwita Miwani, kwa ajili ya miwani yake minene, alikuta kidole kidogo kimepinda kwenda nje kama mpini wa kikombe. Akatikisa kichwa, akakifuta, akachora kingine kilichosimama vizuri sambamba na wenzake. Kisha akaibandika michoro yote ukutani, majina yakiwa nyuma ya karatasi, na ukuta ukapendeza kweli.

Mkufunzi aliyekuja alikuwa kijana kuliko yeye, mpole, mwenye jalada kwapani. Kwa adabu alimwita dada. Alisikiliza somo kutoka kiti cha nyuma, akaandika, halafu akainuka akaukaribia ukuta. Alitazama muda mrefu. Shangazi alisubiri sifa.

"Wanafunzi," mkufunzi alisema akigeuka, "naomba kila mmoja aje asimame mbele ya mchoro wake."

Watoto waliinuka wakicheka, wakafika ukutani, na hapo kicheko kikakatika. Walitazama huku na huku. Wasichana wawili walisimama mbele ya karatasi moja, wakaanza kusukumana kwa viwiko. Yule mbishi wa vidole sita alihamahama kama mtu aliyepotewa na nyumba, kisha akaamua kusimama penye nafasi. Miwani alipita ukuta mzima, mwanzo hadi mwisho, pua karibu na karatasi, akarudi tena. Mwisho alisimama katikati ya chumba peke yake.

"Wako uko wapi?" mkufunzi alimuuliza.

"Wangu haupo."

"Una hakika?"

Miwani aliinua mkono wake wa kushoto. Kidole kidogo kilikuwa kimepinda kwenda nje kama mpini wa kikombe. "Cha kwangu kiko hivi," alisema kwa sauti ndogo. "Hapa hakuna cha hivi."

Shangazi aliutazama mkono ule ulioinuliwa. Wiki zote zile alikuwa amepita nyuma ya mtoto huyu, amesahihisha karatasi yake mara sijui ngapi, na hakuwahi hata siku moja kuutazama mkono wenyewe.

Baadaye, korido ikiwa tupu, mkufunzi aliongea naye bila kumkaripia, jambo lililouma zaidi. "Dada, una mkono wa ajabu. Lakini nimekuja kukagua darasa, nimekuta maonyesho yako." Hakumpitisha. Angerudi mara moja zaidi kabla ya muhula kwisha, na hiyo ndiyo ingekuwa ya mwisho. Akishindwa tena, chuo kingemwondoa kwenye kozi. Shangazi aliitikia "sawa" na "asante", na moyoni akamtukana kijana yule matusi ambayo sitayaandika.

Alifika nyumbani damu ikimchemka. Mzee alikuwa sebuleni na redio yake. Shangazi alikaa mezani, akavuta karatasi, akaanza kuchora mkono wake mwenyewe wa kushoto, kwa hasira tu, kama mtu anayetaka kumwonyesha mtu. Hasira ikapungua taratibu. Aligundua kwamba kidole chake gumba hakisimami. Kinalala kando ya kiganja, kizito, chenye kovu la kisu cha kukatia karatasi. Akakichora kinavyolala. Ulikuwa mchoro wa kawaida, lakini alipenda kuutazama. Maharage yakaanza kunukia kuungua, akakimbilia jikoni.

Aliporudi, baba yake alikuwa ameinama juu ya karatasi, penseli mkononi.

"Gumba lilikuwa limeanguka," mzee alisema kwa furaha. "Nimelisimamisha."

Mistari yake ilikuwa ya mtu ambaye mikono haimtii tena. Ilitetemeka, ikapita juu ya kivuli, ikatoboa karatasi mahali pamoja. Mchoro ulikuwa umeharibika. Shangazi alisimama na mwiko mkononi, mtu mzima mwenye mvi, na akataka kulia kama alipokuwa na miaka minane. Lilimjia swali la miaka ile ya mkono juu ya bega. Hakuwa amewahi kuliuliza. Sasa likatoka lenyewe.

"Baba, kwa nini hukuwahi kuniachia?"

"Kukuachia nini?"

"Herufi. Hata moja. Mpaka leo nikipita mtaani sijui ipi ni yangu."

Mzee alifikiri. "Mteja alikuwa anasubiri bango, mwanangu. Hakuwa anakusubiri wewe ujue."

"Na hili gumba je? Mteja wake nani?"

Aliweka mkono wake wa kushoto mezani, kando ya karatasi. Gumba likalala kama kawaida yake. Mzee alitazama mkono, akatazama karatasi, akarudi kwenye mkono. Akaiweka penseli chini polepole.

"Nilitazama mchoro tu," alisema. "Mkono sikuutazama." Kisha, kwa kuwa hakuzoea mazungumzo ya namna hii, akaongeza, "Na gumba hilo ni la ukoo wa mama yako. Usinisingizie mimi."

Shangazi alicheka, machozi yakamtoka hapohapo. Alimwonea huruma baba yake, lakini zaidi alimfikiria Miwani amesimama katikati ya chumba, na aibu ikamshuka hadi miguuni. Alichokimbia ndicho alichowabebea wale watoto, tena kwa tabasamu.

Kipindi kilichofuata aliingia darasani amevaa koti lake la kazi lenye madoa ya rangi, mikono yote miwili mfukoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye dawati la Miwani.

"Niambie habari za kidole chako."

"Kilibanwa na mlango nikiwa mdogo, Mwalimu."

"Nilikinyoosha kwenye karatasi bila kukuuliza. Nisamehe."

Miwani hakujua pa kuangalia. Watoto hawajazoea kuombwa msamaha na walimu. Alitikisa kichwa kwamba hakuna neno, kisha akaomba karatasi mpya.

Wakaanza upya, na ilikuwa kazi ngumu kuliko kuchora mabango. Watoto walikuwa wameonja utamu wa kufanyiwa. Mbishi wa vidole sita alimletea karatasi yake mpaka mbele. "Mwalimu, nirekebishie kidogo tu."

"Leo sina mikono," Shangazi alijibu, akitingisha mifuko ya koti. Darasa likacheka. "Macho ninayo. Tazama mkono wako. Kidole kipi kirefu kuliko vyote? Na hapa kwenye karatasi?"

Mbishi alitazama, akaguna, akarudi kukaa. Siku nyingine walimnunia. Siku nyingine yeye ndiye aliyekuwa na hamu ya kutoroka, kwa kuona mstari unapinda na asiuguse. Ili mikono ipate shughuli, alivuta dawati lake akakaa kati yao na kuchora gumba lake upya, kwa penseli butu kama zao. Halikumtii. Watoto walipochungulia na kucheka, aliwaacha wacheke. Siku ya kubandika, aliubandika na wa kwake, jina nyuma ya karatasi.

Mkufunzi alirudi na jalada lake. Shangazi alifundisha, akasahau hatua mbili za andalio la somo, akarukia ya mwisho, akarudi. Mkufunzi aliandika tu. Kisha akaukaribia ukuta. Haukupendeza kama ule wa kwanza: karoti zilikuwepo, na mito ya kulalia, na kiganja kimoja kilichofanana zaidi na kasa.

"Kila mmoja mbele ya mchoro wake," alisema.

Walikwenda kwa fujo, wakakanyagana, na kabla hajamaliza kugeuka kila mtu alikuwa amefika. Miwani alisimama mbele ya kidole kilichopinda kama mpini wa kikombe, mkono wake wa kushoto ameuinua kando yake, iwapo mtu angetaka kuthibitisha. Ukutani ulibaki mchoro mmoja usio na mtu.

"Na huu je?"

"Huo wa Mwalimu!" mbishi alipaza sauti. "Gumba limelala usingizi!"

Darasa likaangua kicheko. Mkufunzi hakucheka. Alionyesha sakafu mbele ya karatasi ile. "Basi mwenyewe asimame."

Shangazi alitembea hadi pale, akasimama kwenye mstari pamoja na watoto. Mji ulikuwa umejaa mabango aliyoyashika, na hakuna hata moja ambalo angeweza kusimama mbele yake hivi.

"Wangu," alisema.

Alitazama gumba. Kivuli chake kilikuwa kizito mno upande wa chini. Angekipunguza kidogo tu, kwa ncha ya raba. Hakujua mkono wake umetoka mfukoni saa ngapi. Miwani, aliyesimama kando yake, aliushika kifundo taratibu kabla haujafika ukutani.

"Acha, Mwalimu," alimnong'oneza. "Liko kama lako."

Mkufunzi alikuwa ameuona mkono ule ukitoka, na akauona ukirudi mfukoni. Alifungua jalada, akaandika alama ya kufaulu palepale, akiwa bado amesimama.